Ithaka na Wiathi: Kutembea Migongo ya Gakindu

Ukitoka mjini Nyeri kuelekea kusini, barabara haitulii. Inashuka hadi mtoni, inapanda mgongo, inashuka tena hadi mto mwingine. Nchi yote imekaa hivyo: migongo mirefu inaanzia safu ya Nyandarua upande wa magharibi na kuteremka kuelekea mashariki, na baina ya mgongo na mgongo kuna bonde jembamba lenye maji baridi yanayokimbia. Gura ndio mkali kuliko yote. Unausikia kabla hujauona, hata redio ya matatu ikiwa juu. Kisha gari linapinda, linanguruma kwa gia ya kwanza, na mashamba yanaanza kupanda nawe pande zote mbili, yamesimama karibu wima. Ng'ombe aliyefungwa kwenye tuta la juu ana kwato zake sawa na paa la jirani wa chini.

Gakindu iko juu ya mgongo mmojawapo wa Mukurwe-ini. Ni soko la kando ya barabara: maduka ya mawe yaliyoezekwa mabati, duka la mbolea na dawa za mifugo, kinyozi, bucha yenye nusu mbuzi nyuma ya kioo, vijana wa bodaboda waliokaa kando kwenye pikipiki zao wakisubiri abiria. Asubuhi na mapema hewa ina harufu ya moshi wa kuni, maziwa mabichi na udongo uliolowa umande. Mitungi ya maziwa inapita ikigongana migongoni mwa pikipiki. Wanawake wanashuka na viondo vizito, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, na paji lenyewe, kwa wale wazee, lina alama ya miaka yote ambayo kamba imepita hapo. Udongo ni mwekundu, mzito, wa kung'ang'ania viatu. Na upande wa kaskazini-mashariki, kabla mawingu hayajakusanyika, Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, uko wazi wote: vilele vyeusi, weupe kidogo wa barafu, na chini yake msitu uliolala bluu.

Wanaofuata habari za Mau Mau, uasi dhidi ya ukoloni wa Uingereza, huenda msituni. Huonyeshwa mapango, miti mikubwa iliyofichwa barua, mahandaki. Mimi nilitaka kuona mashamba. Mapigano yalikuwa Nyandarua na Mlima Kenya, lakini mawazo yaliyowapeleka watu huko yalizaliwa kwenye migongo kama huu, na jina walilolipa jambo walilolitaka ni jina la mkulima: ithaka na wiathi. Ithaka ni ardhi, mashamba ya ukoo. Wiathi, kwa haraka, tunasema ni uhuru. Ndiyo, uhuru umo. Lakini uliza mzee yeyote wa hapa na utaona anatafuta maneno zaidi.

Mzee aliyenipokea alikuwa akikata nepia kwa panga, mgongo wake umepinda, mkono wake bado mwepesi. Nilimwita guka, yaani babu, kama wanavyomwita wote. Nilipomuuliza wiathi ni nini, aliweka panga chini kwanza.

"Ni mtu kujitawala," alisema. "Una nyumba yako. Mgeni akija humuulizi mtu mwingine kama atakula. Wazee wakikaa, nawe unakaa. Hakuna wa kukutuma."

"Na asiye na shamba, guka?"

"Huyo atajitawala wapi?"

Jibu hilo lina uasi wote ndani yake. Katika fikra za Wakikuyu wa wakati ule, kijana alikuwa mtu mzima kwa hatua: anapata shamba, anajenga, anaoa, analisha watoto na wageni, kisha ana haki ya kusema neno katika kiama, baraza la wazee. Anayekatiwa hatua ya kwanza amekatiwa zote. Hawezi kuoa, hawezi kuheshimiwa, anabaki mtoto mwenye ndevu. Na ukoloni ulikuwa na njia nyingi za kumweka mtu katika utoto. Kipande kilichoning'inia shingoni mwa mwanaume katika kikopo cha chuma. Mpishi mwenye mvi akiitwa boi. Kodi ya kichwa iliyomtoa mtu kwake akafanye kazi ya mwezi kwa mwingine. Waliposema ithaka na wiathi walitaja kitu kimoja chenye pande mbili: ardhi ya kusimama juu yake, na hadhi ya mtu aliyesimama.

Guka alinitembeza shambani kwake. Ni ukanda mwembamba, unaanzia barabarani juu ya mgongo na kuteremka hadi kijito chini kabisa. Juu kuna nyumba ya mawe, tangi la maji, zizi. Kisha migomba. Kisha kahawa, mistari kwa mistari, majani yake yakimetameta kwa kijani kizito. Chini ya kahawa nepia ya ng'ombe, na chini ya nepia, kwenye tope jeusi kando ya maji, nduma zenye majani mapana kuliko kifua cha mtu. Miti ya mibariti imepandwa mpakani, na makadamia hapa na pale. Unaposhuka, magoti yanakukumbusha ukubwa wa mteremko. Unapogeuka kutazama juu, nyumba imekuwa ndogo, na ng'ambo ya kijito unaona mgongo mwingine uliogawanywa vivyo hivyo, kanda nyembamba kutoka juu hadi chini, bila nafasi tupu hata moja. Sijaona pengine ardhi iliyotumika yote namna hii. Hata ukingo wa barabara umepandwa maharagwe.

Kati ya migomba tulisimama. Guka alisema mahali kama hapa, si hapa hapa, ndipo watu walipokula kiapo usiku. Kilitengenezwa tao la migomba na miwa, vitu vinavyopatikana nyuma ya kila nyumba. Mtu alivua viatu, saa, kila alicho nacho cha chuma, kila kitu cha Mzungu, akapita chini ya tao, akaonja nyama ya mbuzi, akashika udongo. Kiapo hicho kiliitwa muma wa uiguano, kiapo cha umoja. Aliapa kwamba hatauza ardhi kwa mgeni, hatawasaliti wenzake kwa serikali, hataacha kusaidia wakiitwa. Baadaye, kwa waliokwenda kupigana, kilikuja kiapo kizito zaidi, cha batuni.

Maofisa wa koloni waliandika kuhusu viapo hivi kama watu walioona shetani. Daktari wa magonjwa ya akili aliagizwa kueleza Mau Mau, naye katika miaka ya 1950 akaeleza kwamba ni shida ya akili ya Mwafrika aliyekwama kati ya mila na usasa. Ripoti rasmi ya 1960 iliuchukulia uasi kuwa uovu mtupu, wala si madai ya watu wenye hoja. Nikiwa kati ya migomba ile nilishika bua moja, baridi, lenye maji mengi. Kiapo kilikuwa ni siasa. Watu wasioruhusiwa kuwa na bunge, wasioruhusiwa kupanda kwenye jukwaa bila kibali, walifungana kwa njia ambayo babu zao walimalizia mashauri ya ardhi: kwa kiapo, mbele ya mashahidi, na udongo mkononi. Walitumia mahakama waliyoiamini.

Mpaka wa shamba la guka, upande wa kulia, una maua ya itoka. Ni yungiyungi lenye majani marefu ya kijani, na kitunguu chake hakifi hata moto ukipita. Zamani mpaka ulipandwa hivi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na ikawa mwiko kuung'oa. Jomo Kenyatta, baadaye rais wa kwanza wa Kenya, aliueleza mpaka wa maua katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, akitaka Uingereza ijue kwamba ardhi hii ilikuwa na wenyewe na ilikuwa na sheria kabla ya ramani zao.

Maana ramani zao zilisema vingine. Sheria ya 1915 iliifanya ardhi ya Waafrika kuwa ardhi ya Taji, na walowezi wakapewa mikataba ya miaka 999. Mwaka 1921 mahakama ya koloni ikaamua kwamba Wakikuyu ni wapangaji tu, wanakaa kwa hiari ya Taji. Ili kuuelewa uzito wa hukumu hiyo, mtu amjue muhoi. Muhoi (wakiwa wengi, ahoi) ni anayelima ardhi ya ukoo mwingine kwa ruhusa. Anaweza kulima miaka mingi, akaheshimiwa, akaoa kwa jirani. Lakini mpaka ukizozaniwa, muhoi ananyamaza. Kwa siku moja, hakimu mmoja mjini Nairobi aliwafanya watu wote, wenye ukoo mkubwa na mdogo, kuwa ahoi wa Mfalme wa Uingereza.

Lakini ahoi walikuwako kabla ya hukumu, na wenye ardhi hawakuwa wote wema. Miaka ya 1930 na 1940, ardhi ilipobanwa na bei za mazao kupanda, baadhi ya koo na machifu waliwafukuza ahoi wao wenyewe. Vijana wa Nyeri walikwenda Bonde la Ufa kuwa maskwota kwenye mashamba ya walowezi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengi wakarudishwa hapa, bila pa kurudi. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi iliyowaangukia wanawake zaidi. Ng'ambo ya pili, Murang'a, wanawake waligoma kuchimba mwaka 1948. Matuta bado yapo. Nilikanyaga moja baada ya jingine nikishuka kwa guka, na yanafanya kazi nzuri, udongo haujakwenda na maji. Waliokataa kuyachimba walikuwa na hoja iliyo rahisi: ukichimba kwa amri kwenye shamba lako, ni la nani?

Chini kidogo kwenye bonde kuna kiwanda cha kahawa. Harufu inakufikia kabla ya paa: tamu na chachu, ganda jekundu linalooza, maji ya kuoshea yaliyosimama. Wanawake wanamimina matunda kwenye turubai na kuyachagua kwa vidole vya haraka, mabichi huku, yaliyoiva kule. Mashine ya kumenya inanguruma. Mbegu zenye utelezi zinapita kwenye mifereji ya saruji, na baadaye zinaanikwa juu ya meza ndefu za waya, safu kwa safu, rangi ya krimu, zikigeuzwa kwa mikono mara kwa mara. Karani anaandika kilo kwenye daftari na kwenye kadi ya mkulima. Kila mmoja anaangalia mizani kwa makini.

Kahawa hii pia ni sehemu ya habari. Kwa miongo kadhaa zao hili lilikuwa la walowezi, na Mwafrika wa eneo hili alizuiwa kulipanda. Mlango ulifunguliwa wazi wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1954 serikali ya koloni ilitangaza mpango wa kilimo uliokusudia kumpa mkulima Mwafrika hati ya ardhi na mazao ya biashara, ili awepo mtu mwenye mali ya kuilinda, asiyetaka fujo. Vipande vilivyotawanyika vya kila familia vilikusanywa kuwa shamba moja. Baba yake guka alikuwa na kipande hapa, kingine karibu na kijito, kingine ng'ambo. Kila kimoja kilikuwa na historia: hiki kilifyekwa na babu, hiki kilinunuliwa kwa mbuzi, hiki kilitoka kwa wakwe. Maofisa waliona mchafuko. Walipima, wakajumlisha, wakachora kanda zinazotoka juu hadi majini. Umbo hilo la shamba nililoliona zuri nilipolitazama kutoka chini ni umbo la miaka hiyo.

Na wakati kamba za kupimia zikivutwa, wanaume wengi hawakuwapo. Aprili 1954 Operesheni Anvil ilizoa makumi ya maelfu jijini Nairobi na kuwapeleka kizuizini. Wengine walikuwa kwenye kambi za Manyani, Mwea, Hola. Wengine walikuwa msituni. Kamati za ardhi zilijaa waliosimama na serikali. Ikapitishwa sheria mwaka 1959 kwamba usajili wa kwanza wa ardhi hautapingwa mahakamani, hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi na bado inanikwaza. Mtu alirudi kutoka kizuizini, akasimama juu ya mgongo, akatazama shamba la babake likiwa na jina jingine, na sheria ikamwambia suala limekwisha.

Kwenye kibanda cha chai sokoni, watu walipojua nilichokuja kutafuta, maneno yalianza kuja yenyewe. Chai ya maziwa ilikuwa ya moto mno, mandazi yalikuwa makubwa, na meza nzima ilishiriki. Itungati, wapiganaji wa msituni. Mbuci, kambi zao. Komerera, waliojificha na kuiba bila kutii amri ya mtu, ambao wapiganaji wenyewe waliwachukia. Ngati, na kamatimu, walinzi waliotumikia serikali. Neno hili la ngati lilipotajwa, sauti zilishuka kidogo, kwa kuwa katika mji mdogo kila mmoja anajua babu wa nani alibeba nini. Mtu mmoja mwenye kofia ya sufu alisema kamati ya siri iliyoendesha mambo Nairobi iliitwa Muhimu. Ni kweli, na walichukua jina hilo kwenye Kiswahili. Jina la Mau Mau lenyewe halina chanzo kinachokubaliwa na wote, lakini wengi hapa wanalifungua kwa Kiswahili: Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru. Wenyewe walipojiandika rasmi, walijiita jeshi la ardhi na uhuru. Ardhi ilitangulia.

Walijua pia kujipangia utawala. Dedan Kimathi, aliyezaliwa Tetu, upande wa pili wa Gura, na aliyewahi kuwa mwalimu, aliitisha mkutano msituni Agosti 1953 uliounda baraza la ulinzi, na Februari 1954 likafuata bunge, waliloliita Bunge la Kenya, ndani ya msitu wenye baridi ya Nyandarua, watu wakiwa wamevaa ngozi. Kulikuwa na makarani, madaftari, vyeo. Wapo waliompinga, waliosema wasomi wanataka kuwatawala wasiojua kusoma, wakaunda chama chao, Kenya Riigi. Hata humo msituni walikuwa wakibishana juu ya swali la mpiganaji wa kawaida na mwenye kalamu. Mabishano hayo mara nyingine husimuliwa kama aibu. Kwangu yanaonyesha kwamba walikuwa wakifikiri juu ya nchi, si kulipiza kisasi tu. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kwa miaka ile ya uasi, ambayo serikali iliiita Hali ya Hatari, waliopandishwa kitanzini walikuwa 1,090, baadhi yao kwa kulisha kiapo au kupatikana na silaha, bila kuua mtu.

Serikali iliyaogopa maneno pia. Magazeti ya Kikuyu yalipigwa marufuku na waandishi wakakamatwa. Mmoja wao, Gakaara wa Wanjau, ambaye kiwanda chake cha uchapaji kilijulikana sana Karatina, alikaa kizuizini tangu 1952 hadi mwisho wa muongo, na humo aliandika daftari la siku zake. Lilipotoka kama kitabu lilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Mjini Nyeri, njiani, nilikuwa nimepita kwenye mnara mweupe wa kumbukumbu. Maandishi yake yanawakumbuka Wakikuyu waliokufa katika vita vya uhuru, 1951 hadi 1957. Hayasemi upande gani. Nilisimama pale kwa muda huku magari yakizunguka, nikijaribu kusoma zaidi ya kilichoandikwa. Ngati naye aliamini anapigania wiathi: alisema mtu huupata kwa kazi, kwa mali, kwa shule, si kwa panga usiku. Mpiganaji alisema huwezi kufanya kazi mpaka uwe na pa kufanyia. Wote wawili walitumia neno lilelile. Walikuwa ndugu, mara nyingine wa mama mmoja, na hoja iliyowagawanya ilikuwa ya kweli kwa pande zote mbili. Mimi naegemea kwa yule asiyekuwa na pa kufanyia, maana yule mwingine alikuwa na serikali nyuma yake, na mwishowe alikuwa na hati.

Mchana nilikwenda kijijini. Hapa neno kijiji lina maana yake ya pekee. Watu wa shamba wana shamba, na watu wa kijiji wana kijiji. Unaacha kanda za kahawa na ghafla nyumba zinasongamana: mbao, mabati yaliyoota kutu, vichochoro ambavyo watu wawili wanapishana kwa ubavu, maji ya sabuni yakishuka kwenye mfereji, kamba za nguo zikivuka kutoka paa hadi paa, kuku, watoto wengi. Ukitoka kwenye ukimya wa mashamba, kelele inakushtua. Harufu ni ya mafuta ya taa, githeri inayochemka na choo kilicho karibu.

Kuanzia Juni 1954 serikali ya koloni iliamuru watu watolewe kwenye makazi yao yaliyotawanyika migongoni na kuwekwa kwenye vijiji vyenye ulinzi. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni 1, Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa. Shabaha ilikuwa kuwakata itungati kutoka kwa waliowalisha, na waliowalisha walikuwa wanawake.

Cucu, yaani bibi, aliyenikaribisha alikuwa mtoto wakati huo. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, akipukuchua mahindi kwenye ungo, na hakuacha kupukuchua wakati wote wa mazungumzo.

"Handaki lilikuwa pale," alisema, akionyesha kwa kidevu mahali ambapo sasa pana choo na mti wa avokado. "Kina chake, mtu mzima haonekani. Ndani walichomeka miti iliyochongwa. Mama alilichimba. Mama zetu wote walilichimba."

"Mlitoka kwenda shambani?"

"Kwa firimbi. Saa moja, mara nyingine mbili. Unakimbia kuchuma mboga, firimbi inalia, unakimbia kurudi. Watoto walikufa kwa njaa hapa, kijana wangu. Si kwa risasi."

Aliyasema bila kupandisha sauti. Mahindi yaliendelea kuanguka kwenye ungo.

Vita vilipokwisha na mashamba kugawanywa upya, wenye ardhi walihama kijijini wakaenda kujenga kwenye kanda zao mpya. Waliobaki ni ambao hawakuwa na pa kwenda: wajane, ahoi, waliorudi kutoka kizuizini wakakuta usajili umefungwa, wana wao, na sasa wajukuu wao. Desemba 1963, siku chache baada ya bendera kupanda, wapiganaji walitoka msituni na kukusanyika Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri, nywele zao zimefungamana, wakiweka silaha chini. Mashamba ya walowezi yalikuwa yakiuzwa kwa Waafrika. Kuuzwa. Mtu aliyetoka msituni alihitaji pesa au mkopo ili apate kile alichokwenda kukipigania. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilisema inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kumaliza madai ya watu 5,228 walioteswa. Cucu anazijua habari hizo. Alisikia redioni. Aliuliza tu kama pauni hizo zilikuja na ekari.

Nje ya nyumba yake, ploti inaisha kabla hujamaliza kunyoosha mguu. Kuna sukumawiki kwenye magunia, kwa sababu ardhi yenyewe haitoshi. Amekaa hapa maisha yake yote, amezaa hapa, amezika mume kwenye makaburi ya umma kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumzika, na hana hatimiliki. Mara kadhaa wamekuja watu na karatasi, alisema, wakaandika majina, wakaenda. Vijiji vingi vya namna hii katika kaunti ya Nyeri vimesubiri hati kwa miaka mingi. Miongoni mwa jirani zake, wachache wanazo. Wengine wana nakala za barua. Wengine wana neno la mdomo tu.

Aliinuka akaniambia nimfuate, hatua chache, mpaka mwisho wa ploti, ambapo ukuta wa mabati wa jirani unaanzia. Chini ya mabati hayo, kwenye udongo mwembamba uliojaa vipande vya chupa, kulikuwa na mstari wa itoka. Ilikuwa imepandwa hivi karibuni, majani bado yamelegea. Nilimuuliza aliitoa wapi. Kwa shamba la dada yake, alisema, ng'ambo ya kijito, na jirani alikuwapo alipoipanda, na mzee mmoja wa kanisa, na wote watatu walikubaliana.

"Wakija kupima," alisema, "waanzie hapa."